Kutoka kitini hadi kilomita 5: shajara ya fundi cherehani wa Mwanjelwa

Jumamosi, 4 Januari 2025: kabla ya kuanza

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nina miaka 41, na kumi na sita kati ya hiyo nimeimalizia kitini. Desemba ndiyo mavuno yetu: sare za kwaya, nguo za Krismasi, magauni ya watoto. Tarehe 30 nilipanda ngazi za ghorofa mbili kumpelekea mteja mzigo wake. Nilipofika juu sikuweza hata kutaja bei, pumzi imekata. Yule mama akadhani nasitasita ili nimpandishie.

Jana nikaenda zahanati. Presha 148/94. Muuguzi akanieleza kwamba ikifika 140/90 si ya kupuuzwa, ila kipimo kimoja hakitoshi kumpa mtu ugonjwa, nirudi nipimwe tena. Daktari akasikiliza moyo, akauliza ya ukoo wangu, akaniruhusu mazoezi: "Mama, anza kwa kutembea." Mazoezi niliyasikia. Neno kutembea lilinipita.

Vipimo vya kuanzia: uzito kilo 86. Kiuno inchi 41, na hapo futi nimeshika mwenyewe, sina wa kumlaumu. Mapigo ya moyo 84 kwa dakika, nimeyahesabu asubuhi kabla ya kushuka kitandani.

Mpango nimeuchukua kwenye simu, ule maarufu wa wiki 9 alioutunga Mmarekani Josh Clark mwaka 1996. Siku tatu kwa wiki. Wiki ya kwanza unatembea haraka dakika 5, kisha unakimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, unarudia hivyo kwa dakika 20. Sehemu za kukimbia zinarefuka kidogo kidogo mpaka unamudu nusu saa bila kusimama. Kwenye karatasi ni rahisi kuliko kupandisha zipu.

Gharama hadi leo: raba za mtumba 18,000, sidiria mbili za michezo 8,000, kupima presha 2,000. Jumla 28,000.

Jumatano, 8 Januari: siku ya kwanza, imeharibika

Nilitoka saa 12 kamili asubuhi. Kosa la kwanza hilo. Mbeya tuko magharibi mno kwa saa tunayotumia. Mwezi huu jua la hapa linachomoza kama saa 12 na nusu, nyuma ya Dar es Salaam kwa dakika kama 20. Saa 12 huku bado giza, na mbwa wa mtaani ndio walinzi.

Kosa la pili niliona aibu. Kulikuwa na vijana wa bodaboda kijiweni, nikaogopa kuonekana nakokota miguu, basi zile sekunde 60 nikazitimua kama nimeiba. Zamu ya kwanza sawa. Ya pili kichomi kikanishika ubavuni. Ya tatu nikakaa juu ya jiwe la mtu aliyekuwa anajenga. Bodaboda mmoja akaja taratibu na pikipiki yake: "Mama, panda tu, buku." Nikapanda. Nimelipa 1,000 kurudi nyumbani kutoka kwenye mazoezi, na hiyo siihesabu kwenye gharama za mradi, ni faini.

Jumapili, 19 Januari: kipimo cha salamu

Wiki nzima ya kwanza nimeirudia, mara hii kwenye uwanja wa shule ya msingi ya jirani na si barabarani. Barabara kuu ya TANZAM, ile iendayo Zambia, haifai kabisa sasa hivi, kazi ya njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi imetuachia tope mvua ikinyesha na vumbi ikikatika, halafu malori ya Tunduma hayana subira na mtu mnene.

Uwanjani nimemkuta mzee mmoja mstaafu anayetembea kila asubuhi na fimbo yake. Alifundisha shule za msingi miaka mingi, akawa anasafiri na watoto kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Hapa nitamwita Mwalimu. Siku ya kwanza nilipompita nikihema alinisimamisha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Nani anakukimbiza?"

Nikamweleza mpango, nikamweleza na sababu yangu: Mbeya iko juu, mita kama 1,700, hewa nyepesi, ndiyo maana pumzi inakata. Akacheka. Akasema hewa ya juu humwonea mgeni wa Dar aliyeshuka basi jana. Mimi niliyezaliwa Uyole, hapa hapa Mbeya, damu yangu imeshaizoea. Tatizo ni kuanza. "Unaondoka kama Filbert Bayi kule Christchurch mwaka 1974, mbele tangu mlio wa bunduki. Yule alihitaji dakika 3 na sekunde 32 tu, akavunja rekodi ya dunia ya mita 1,500. Wewe unataka nusu saa."

Kisha akanipa kipimo ninachokitumia hadi leo. Hapa kwetu huwezi kumpita mkubwa bila kumwamkia, na mtoto akikuamkia lazima umwitikie. Basi, akasema, kila ukipishana na mtu amkia kikamilifu: shikamoo, habari za asubuhi, nyumbani hawajambo? Ukiweza kumaliza sentensi bila kuikata katikati, mwendo wako ni sahihi. Ukitoa "shkm" tu, punguza.

Nimejaribu mara tatu wiki hii. Mwendo wangu wa kusalimia ni wa aibu: mtoto wa darasa la kwanza mwenye begi mgongoni ananipita. Lakini nimemaliza zamu zote nane kwa mara ya kwanza, na kichomi hakijarudi. Yupo pia bibi mmoja Mnyakyusa anayeuza maandazi karibu na geti. Yeye "Ugonile" yake haiishi mpaka ajue umelalaje, watoto wamelalaje na mvua imewakuta wapi. Nikimaliza maswali yake nikiwa bado nakimbia papo hapo, najua wiki imepita.

Jumamosi, 8 Februari: mvua, na suruali

Wiki ya 3 ya mpango imeisha, ila kwa kalenda ni ya 5. Mvua ya huku ni msimu mmoja mrefu, Novemba mpaka Aprili au Mei, na sasa iko kileleni. Nimepoteza siku nne. Dawa niliyoipata: mvua kubwa ikinyesha natembea ndani ya soko jipya la Mwanjelwa kabla wateja hawajajaa, juu chini kwenye ngazi, dakika 25. Si sawa na kukimbia lakini mazoea hayakatiki.

Suruali za mtumba za kubana zilinishinda, kila moja inateremka kiunoni au inaonyesha usiyotaka kuonyesha. Nimejishonea. Kwa akina mama wenzangu wenye mashine: chukua kitambaa kinachovutika pande zote mbili, kiuno kiwe cha juu chenye lastiki ya inchi 2, na ushone kwa zigizaga maana mshono wa kawaida utakatika ukichuchumaa mara ya kwanza. Wangu ulikatika, uwanjani. Juu yake navaa sketi fupi ya pande nne inayofika gotini, heshima ya mtaa inalindwa na miguu inafanya kazi. Nimeweka mfuko wa zipu nyuma ya kiuno kwa ajili ya simu na funguo.

Kitambaa 9,000, zipu 500. Jumla 37,500.

Jumanne, 25 Februari: ugoko

Nimesimama. Nitaeleza kwa urefu kwa sababu kosa hili ndilo lililonigharimu zaidi, na nilijiona mjanja wakati nalifanya.

Wiki ya 4 ilikwenda vizuri mno. Wifi yangu akaja Jumapili, akasema nimepungua uso. Nikalewa sifa. Badala ya siku tatu nikakimbia sita mfululizo, na mbili kati ya hizo nikaacha uwanja nikateremka lami kuelekea Mafiati kwa sababu mteremko ulinifanya nijione mwepesi. Siku ya nne ugoko wa mguu wa kulia ukaanza kuuma, kwa ndani, sehemu ya chini, mstari mzima wa kama shibiri moja. Ukipasha misuli moto maumivu yanapoa, ukimaliza yanarudi. Nikachua, nikafunga bendeji, nikaendelea. Siku ya sita sikuweza kukanyaga pedali ya cherehani.

Hapo ndipo gharama ilipoingia. Mguu wa kulia ndio wa kazi. Nilikuwa na gauni la mama wa bwana harusi la Jumamosi, nikashindwa kulimaliza Alhamisi kama tulivyoahidiana, nikalikabidhi Ijumaa usiku na kumpunguzia 10,000 ili asininunie.

Mtaalamu wa viungo alinibonyeza ugoko wote kwa kidole gumba. Alikuwa anatafuta kitu kimoja: je, maumivu yameenea kwenye mstari au yako kwenye nukta moja? Yakiwa nukta moja inayouma hata umelala usiku, huenda mfupa umeanza kupata ufa, na hapo ni picha na mapumziko ya wiki nyingi. Yangu yalikuwa mstari. Nikapumua. Kisha akaomba kuona raba. Akaikunja kwa mikono miwili ikajikunja katikati kama chapati, akabonyeza soli kwa kidole na sponji haikurudi. Ile raba ilikuwa nzuri kwa macho, imeoshwa imepakwa chaki nyeupe, lakini kazi yake iliisha Ulaya kabla haijapanda meli. Mimi ninayemkagulia mteja kitambaa kwa kukivuta na kukinusa nilinunua raba kwa rangi!

Maagizo: wiki mbili za kutembea tu kwenye ardhi laini. Barafu dakika 15 jioni, imefungwa kwenye kitambaa. Kisha zoezi la shavu la mguu: simama ukingo wa kizingiti, visigino vinaning'inia, panda kwa vidole, shuka polepole. Mara 12, raundi tatu, siku moja ndiyo moja hapana. Nalifanya pale pale kibandani nikisubiri pasi ipate moto. Mteja mmoja aliuliza kama ni ibada.

Dawa ya kuchua 5,000 (haikusaidia chochote ila harufu), barafu ya jirani 200 kwa mara nane, punguzo la gauni 10,000. Mtaalamu ni mteja wangu, nimemshonea kaptula za mwanawe, hatukudaiana. Jumla 54,100.

Jumamosi, 15 Machi: raba za pili

Nimetembea wiki mbili na siku tatu. Jumatano nilikimbia dakika moja moja mara sita, ugoko umenyamaza.

Raba mpya, yaani mtumba mwingine, nimezichagua hivi. Nilikwenda jioni, maana mguu huvimba kidogo mchana na ndivyo huvimba ukikimbia. Nilivaa soksi zile zile za mazoezi. Niliacha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya dole kubwa. Nilijaribu kuikunja: ikunjike kwenye vidole, isikunjike katikati. Nilibonyeza soli, irudi. Niligeuza nyuma nikatazama kisigino, kama kimelika upande mmoja naacha, mwenye nayo wa kwanza alikuwa na mwendo wake na mimi nina wangu. Muuzaji alichoka na mimi, akaniita "mkaguzi". Alianza na 60,000, tukaishia 45,000. Soksi jozi tatu 3,000.

Jumla 102,100. Nimeuza zile za kwanza? Hapana, nimempa mwanangu akalimie.

Jumapili, 6 Aprili: dakika 20 zilizonishinda mara tatu

Anayefuata mpango huu ajiandae kwa wiki ya 5, siku ya tatu. Siku ya kwanza unakimbia dakika 5 mara tatu. Ya pili dakika 8 mara mbili. Ya tatu, ghafla, dakika 20 bila kutembea. Niliposoma nilidhani simu imekosea.

Mara ya kwanza nilisimama dakika ya 11. Ya pili dakika ya 9, na ile siku nilikuwa nimekunywa chai ya rangi tu tangu jana yake saa kumi na mbili jioni kwa sababu ya haraka ya kupungua, nikaona nyota. Ya tatu dakika ya 13, nikalia kidogo nyuma ya goli. Mwalimu akaja na fimbo yake, hakunipa pole. Alikuwa anahesabu.

"Mama, mzunguko wako wa kwanza ni dakika 2. Wa tano ni dakika 3 na nusu. Unakopa mwanzo, unalipa na riba."

Akanipangia: mzunguko wowote usiwe chini ya dakika 2 na sekunde 50, hata nikijisikia kama malaika. Asubuhi ya jana nilikula ndizi mbivu moja nusu saa kabla, nikaanza nikiwa na hasira kwa jinsi mwendo ulivyo wa polepole. Mzunguko wa pili bado nina hasira. Wa nne nikagundua sihemi. Wa saba nikamwamkia Mwalimu shikamoo kamili, nikamuuliza na habari za kuku wake, saa ikalia dakika 20.

Mpango ulisema wiki 5, mimi imenichukua 13. Sioni haya tena kulisema.

Jumamosi, 3 Mei: kilomita 5 ambazo hazikuwa

Pasaka ilipita na pilau lake, wiki moja nzima sikufanya kitu. Nilirudi hatua moja nyuma kwenye mpango, kwa ushauri wa ugoko. Tangu hapo naongeza kidogo kidogo tu.

Leo nilimaliza mizunguko 12 na nusu. Mita 400 mara 12 na nusu ni 5,000. Dakika 35 na sekunde 25. Nilipiga vigelegele peke yangu, bibi wa maandazi akaitikia.

Nikiwa nafungua kibanda shaka ikanijia. Dakika 35, mimi, kwa mwendo wa kusalimia? Nani aliniambia uwanja ule ni mita 400? Hakuna. Nilichukulia tu kwamba kila uwanja wa kukimbilia ni 400 kama wa kwenye televisheni. Mchana nikaazima futi ya mita 50 kwa fundi ujenzi, nikaenda na mwanangu tukaupima kwa kufuata njia niliyokanyaga. Mita 318.

Kwa hiyo nilikimbia mita 3,975. Mimi nisiyeweka mkasi kwenye kitambaa cha mtu kabla ya kupima mara mbili. Kilomita 5 pale ni mizunguko 15 na mita 230 juu, nimechomeka kijiti chenye utepe mwekundu pale pa kumalizia. Ukianza mradi kama huu, pima uwanja wako kwanza.

Jumamosi, 31 Mei: mizunguko 15 na kijiti

Dakika 44 na sekunde 50. Bila kusimama, bila kutembea.

Sina mengi ya kusema juu yake, ilikuwa asubuhi ya kawaida, umande umelowesha soksi, mlima wa Loleza ulikuwa na ukungu hadi nusu. Mzunguko wa 11 ulikuwa mrefu. Mwalimu hakuwepo, alikwenda Tukuyu kwenye msiba, nikampigia simu. Akauliza kitu kimoja tu: wa mwisho ulikuwa dakika ngapi? 2 na sekunde 46. Akasema, "Haya."

Jumamosi, 21 Juni: baridi na hesabu

Sasa jua linachomoza karibu saa moja kamili na baridi ya Mbeya inajulikana, alfajiri mikono inakufa ganzi. Nimehamia jioni saa kumi na moja, nafunga kibanda mapema siku tatu za wiki. Siku nyingine mbili ni za nguvu: visigino kizingitini, kuchuchumaa na kuinuka mara 15 nikikumbatia jora la kitambaa, na kusukuma ukuta. Ukijumlisha na kutembea kwenda na kurudi kazini nazipita dakika 150 za wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima azifikishe.

Vipimo: presha nimepima mara tatu zaidi tangu Januari, ya juzi 134/86. Daktari amesema njia ni nzuri, niendelee kupima, na chumvi ya mezani niiache kabisa. Mapigo ya asubuhi 70. Uzito kilo 81, ambao kwa kweli nilitegemea ushuke zaidi. Kiuno inchi 38, nimebana sketi zangu nne, kazi ya bure niliyoifanya kwa furaha.

Presha mara tatu 6,000. Jumla ya mradi mzima 108,100, na zaidi ya robo yake ni raba mbovu pamoja na gauni la mama wa bwana harusi.

Wiki iliyopita nilipanda mlima Ngosi na wanakwaya wenzangu. Unashukia Isongole kwenye barabara ya Tukuyu, unatembea hadi msitu unapoanza, halafu ni mlima wenyewe, mizizi na utelezi mpaka ukingo unaotazama ziwa chini. Nilikuwa wa nne kufika juu kati ya kumi na moja. Kushuka ndiko kulikonifundisha adabu: siku mbili baadaye mapaja yalikataa ngazi, kwa sababu uwanja wa shule ni tambarare na sijawahi kuyafundisha kushuka. Hilo naliingiza Julai, mteremko mmoja mfupi kwa wiki, kwenye udongo, kwa kutembea kwanza.

Wifi ametuma ujumbe jana usiku. Anataka kuanza Jumatatu, ana raba nyeupe nzuri sana amezipata mnadani kwa 15,000. Nimemwambia azilete nizikunje.